Petroli kwenye tenki la dizeli: kabla hujagusa ufunguo

Petroli ikiingia kwenye tenki la gari la dizeli, kwa dakika zile za kwanza hakuna kilichoharibika. Tenki ni chombo tu, limebeba kisicho chake. Uharibifu huanza mafuta yale yanapovutwa kwenda kwenye pampu ya injini, na hayavutwi mpaka mtu ageuze ufunguo. Gari lililogundulika likiwa bado sheli humalizana na mpira, madumu na filta mpya. Gari hilohilo likishaendeshwa hadi Ihumwa au Bahi linaweza kudai pampu, reli (bomba nene linalogawa mafuta) na nozeli zote (midomo inayopulizia mafuta ndani ya injini), na kwa gari la kisasa bei ya vitu hivyo humfanya mwenye gari aliegeshe uani kwa miezi. Kama unasoma haya ukiwa sheli, na risiti mkononi inasema petroli, acha ufunguo hapo ulipo, shuka hadi panapozungumzwa kusukuma gari, na haya mengine uyasome ukitulia.

Kosa lenyewe lina sababu zake. Dodoma, hasa tangu Serikali ihamie huku, ni mji wa Land Cruiser: hardtop zinazoelekea Mtumba, pickup za halmashauri zinazotoka Kongwa na Mpwapwa. Mhudumu wa sheli anayesimama pale tangu alfajiri hujifunza kwa macho kwamba gari kubwa la kazi ni dizeli na gari dogo la familia ni petroli. IST petroli, Passo petroli, Noah petroli. Kisha inaingia Mazda CX-5 ya dizeli. Kwa nje haina tofauti na ya petroli, ila herufi chache kwenye mlango wa nyuma. Dereva anashusha kioo, anasema "dada, weka ya elfu hamsini", na mkono wa mhudumu unakwenda kwenye petroli kama ulivyokwenda kwa magari yote madogo ya asubuhi hiyo. Prado nazo zimeingia nchini za dizeli na za petroli, umbo moja. Hiace vilevile, Hilux vilevile. Ndiyo maana neno "weka ya elfu hamsini" halitoshi. Sema "dizeli ya elfu hamsini", shuka, simama ulipo mdomo wa tenki, tazama mkono umeshika pampu ipi.

Usitegemee rangi. Magari yetu mengi yametumika Japani kwanza, na stika ndani ya kifuniko cha tenki imeandikwa Kijapani. Dizeli kule huitwa keiyu, huandikwa 軽油, na rangi yake kwenye sheli za Japani ni kijani; petroli ya kawaida ni nyekundu. Uingereza ni kinyume: kijani ni petroli, dizeli ni nyeusi. Magari mawili kutoka nchi hizo yakisimama kwenye sheli moja ya barabara ya Iringa, kijani cha huyu ni hatari kwa yule. Stika ya kubandika mwenyewe, neno DIZELI kwa herufi kubwa ndani ya kifuniko, inatatua jambo hili kwa gharama ndogo kuliko chupa ya maji, na bado magari mengi hayana.

Umbo la mdomo wa pampu nalo haliokoi. Mdomo wa petroli una kipenyo cha milimita 21 hivi, na shingo ya tenki la dizeli ni pana kuliko hapo, kwa hiyo unaingia bila kukwama. Kinyume chake huzuiliwa mara nyingi: mdomo wa dizeli ni mnene, haupiti kwenye shingo nyembamba ya gari la petroli la miaka ya karibuni. Lakini ukishanunua kwa dumu na kumimina kwa faneli, kama wafanyavyo wengi huko vijijini kwa ajili ya trekta na jenereta, kizuizi hicho hakipo. Na madumu yenyewe ni yaleyale ya njano kwa mafuta yote mawili. Ukiwa na shaka na dumu, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe kivulini. Petroli hukauka ndani ya dakika chache na doa lake likapotea, dizeli hubaki na alama ya mafuta. Jaribio hili linatofautisha petroli tupu na dizeli tupu, mchanganyiko litakudanganya.

Sasa kwa nini petroli inaumiza. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa hubanwa mpaka ujazo wake unapungua mara 16, 18, nyingine zaidi ya mara 20, ikapata joto la zaidi ya nyuzi 500, na dizeli ikipulizwa humo inawaka yenyewe. Petroli imetengenezwa kwa tabia iliyo kinyume kabisa, isubiri cheche na isiwake kwa kubanwa. Kwa hiyo inachelewa, kisha inawaka kwa pamoja kwa kishindo. Huo ndio mlio mkavu wa kugonga unaousikia, pamoja na moshi mweupe na gari kukosa nguvu. Hilo ni tatizo la kwanza, nalo ndilo dogo.

La pili ni utelezi. Dizeli ni mafuta ya kuunguza na wakati huohuo ndiyo mafuta ya kulainisha pampu na nozeli. Sindano ya nozeli inacheza ndani ya nyumba yake kwa nafasi ya mikroni chache, na unywele wa kichwa una mikroni 70 hivi. Katika nafasi hiyo kinachozuia chuma kisigusane na chuma ni utando wa dizeli. Petroli huuosha utando huo. Chuma kinagusa chuma, kinatoa unga unaong'aa, na unga huo unasafiri kwenda mbele kwenye nozeli na kurudi nyuma hadi kwenye tenki kupitia bomba la marejesho.

La tatu halisemwi sana, ingawa hapa kwetu lina uzito wake. Petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40. Oktoba na Novemba, saa nane mchana, lami ya Dodoma na chumba cha injini vimeshapita kiwango hicho kwa mbali, na mafuta yanayorudi kutoka kwenye reli ni ya moto zaidi. Petroli iliyo ndani ya mchanganyiko inatoa mapovu, pampu inameza mvuke badala ya mafuta, na pampu isiyo na mafuta ndani inajisaga.

Hapa ndipo ushauri wa mtaani unapogawanyika, na inafaa kuuelewa vizuri kwa sababu kila fundi anasema kweli kuhusu injini aliyoizoea. Malori ya zamani yenye pampu ndefu ya mstari yanalainishwa sehemu ya kamu kwa oili ya injini. Plunja zake, yaani pistoni ndogo zinazosukuma mafuta, bado zinategemea dizeli, lakini pampu kwa ujumla inavumilia. Kisha kuna pampu ya mzunguko, kama iliyo kwenye injini ya 1HZ ya hardtop: rola, kamu na plunja, vyote vinaogelea kwenye dizeli na havina mlainishaji mwingine. Inavumilia kidogo, kwa muda mfupi. Mwisho ni komoni reli, ambapo reli moja hulisha nozeli zote: injini za D-4D za Toyota kwenye Hilux, Prado na Hiace, CX-5, na karibu kila dizeli mpya. Mgandamizo ndani ya reli hufika bar 1,600 hadi 2,000, wakati tairi la gari dogo lina bar 2 na ushei. Kwenye mgandamizo huo, dakika chache za petroli nyingi zinatosha kuanza kukwangua pampu.

Fundi mzee akikwambia "ongezea dizeli, itaunguza tu", hajatunga. Vitabu vya baadhi ya Mercedes-Benz za dizeli za zamani viliruhusu kuchanganya petroli hadi asilimia 30 ili dizeli isigande wakati wa baridi kali ya Ulaya. Ushauri huo ulikuwa wa injini ile na baridi ile. Kuuhamishia kwenye D-4D, kwenye jua la Manyoni, ni kuua pampu.

Piga hesabu mwenyewe. Lita ikiwa shilingi 3,000, elfu hamsini ni lita 16.7. Prado iliyokuwa na lita 30 za dizeli sasa ina zaidi ya theluthi petroli. Ukilijaza dizeli mpaka juu, lita 87, petroli bado ni asilimia 19. Hiyo si tiba. Na usimwamini anayepima kwa haidromita kisha akasema yako sawa: lita ya dizeli huwa na uzito wa kilo 0.82 hadi 0.86, ya petroli 0.74 hivi, na mchanganyiko huo wa asilimia 19 utasoma karibu 0.82, ambayo kwa kipimo hicho bado ni dizeli. Tofauti na hapo, Land Cruiser pickup ya 1HZ yenye tenki la lita 130, ikiwa mhudumu ameshtuka baada ya lita 3 na tenki likajazwa dizeli lote, petroli ni asilimia 2.3. Hiyo nenda nayo polepole bila mzigo, ongezea dizeli kila robo ya tenki inapopungua. Mpaka wetu ni asilimia 5 kwa injini za aina hiyo. Kwa komoni reli hakuna kiasi tunachokikubali: kinachojulikana kimeingia, kitoke.

Na usidhani petroli itajitenga ikae juu ya dizeli kama maji na mafuta. Zinachanganyika kabisa. Kufungua koki ya maji chini ya filta hakutoi petroli.

Haya, uko sheli. Usiwashe, na usifungue hata swichi ya kwanza ya dashibodi: magari mengi ya Ulaya yana pampu ya umeme ndani ya tenki inayoanza kusukuma mara swichi ikifunguliwa. Weka gia huru, sukumeni gari hadi pembeni. Gari la otomatiki lililofungwa kwenye P kwa kawaida lina kitufe kidogo kando ya mkono wa gia, mara nyingi kimefunikwa kwa kifuniko cha plastiki; kibonyeze kwa ncha ya bisibisi na gia itashuka hadi N bila kuwasha umeme. Usukani na breki vitakuwa vizito, kwa hiyo awepo mtu mwenye nguvu ndani na watu wawili nyuma.

Kabla hamjagusa tenki, tunza risiti. Risiti ya pampu inaonyesha aina ya mafuta na lita, na ndiyo shahidi wako. Chukua sampuli ya lita moja kutoka kwenye tenki kwenye chupa safi ya kioo, andika tarehe na saa, wewe na msimamizi wa sheli mtie saini kwenye karatasi moja. Zungumza kwa utulivu. Mhudumu pale mara nyingi anaogopa kukatwa mshahara, na ukimfokea atakana. Kama kosa ni la sheli, wengi hulipia umwagaji papo hapo. Wakikataa, malalamiko hupelekwa EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, makao makuu yake yako hapahapa Dodoma. Kama una bima kubwa, soma kipengele cha mafuta yasiyo sahihi kabla hujaipigia hesabu, maana baadhi ya mikataba huliondoa kosa hili.

Kumwaga ni kazi ya nje, kwenye upepo, na upepo Dodoma haukosekani. Isifanyike juu ya shimo la gereji: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala shimoni ukisubiri cheche. Mashine ya kuchomelea ya jirani izimwe, taa ya waya iwekwe mbali, mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe karibu. Chomoa waya hasi wa betri kwanza. Madumu yawe chini ardhini, si juu ya bodi la pickup, kwa sababu umeme tuli wa plastiki unatosha kuwasha mvuke. Na hakuna kunyonya mpira kwa mdomo. Petroli ikiteleza kidogo tu kwenda kwenye mapafu ni hospitali. Tumia pampu ya mkono.

Land Cruiser na pickup nyingi zina nati ya kumwagia chini ya tenki. Fungua, acha ishuke yote. Hardtop yenye matenki mawili, mwaga lililojazwa na uhakikishe swichi ya kuchagua tenki haikuguswa. Matenki ya plastiki mengi hayana nati, na shingo yake ina kizuizi kinachokataza mpira kupita; hapo unafungua tundu la floti ya geji, mara nyingi liko chini ya kiti cha nyuma. Chini hubaki lita mbili tatu zisizofikiwa. Mimina lita 5 za dizeli safi, tikisa gari kwa kulisukuma mbele na nyuma, mwaga tena. Kama swichi haikufunguliwa kabisa, kazi imeisha: weka dizeli, badilisha filta ukipenda, ondoka.

Kama injini iliwaka, endelea. Kumbuka kwamba kuwaka vizuri si dalili njema: filta na mabomba yalikuwa na dizeli ya zamani, inayotosha kulitoa gari sheli likiwa zima kabisa. Ikianza kugonga barabarani, zima hapohapo, usijaribu "kufika tu" Kibaigwa. Kila kilomita ni unga mwingine wa chuma.

Baada ya tenki, toa filta na kuitupa. Chomoa bomba la kwenda na la marejesho pande zote mbili, pulizia kwa upepo mdogo kuelekea kwenye dumu. Funga filta mpya, na usiijaze kwa kumimina dizeli tundu la katikati, kwa sababu hapo ni upande uliokwishachujwa na vumbi litakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Tumia pampu ya mkono juu ya filta, piga mpaka iwe ngumu, mara 50 hadi 100. Bomba la marejesho liache wazi kwenye dumu mpaka injini itakapokuwa imezunguka kidogo, ili mchanganyiko uliobaki ndani usirudi kwenye tenki ulilosafisha. Kwenye 1HZ, legeza nati za mabomba kwenye nozeli, piga selfu sekunde 10 mpaka 15, pumzisha dakika moja, rudia, kisha kaza dizeli inapotoka bila povu. Kwenye komoni reli usilegeze nati za mgandamizo mkubwa hata moja. Upepo hutoka wenyewe kupitia marejesho, na mafuta ya bar 1,600 hutoboa ngozi na kuingia mkononi bila maumivu makubwa mwanzoni. Watu hupoteza vidole kwa kudhani ni mkwaruzo. Ikishawaka, iache itulie dakika 15 kabla ya kukanyaga mafuta. Vuta kijiti cha oili: ikiwa imepanda au inanuka petroli, badilisha oili siku hiyo.

Swali kubwa sasa ni kama pampu imeumia. Mimina mafuta ya filta ya zamani kwenye bakuli jeupe juani, pitisha sumaku ndogo. Kwenye D-4D nyingi pampu ina vali ndogo ya umeme inayopima mafuta, imeshikwa kwa bolti mbili. Itoe, ipanguse kwa kitambaa cheupe. Ukiona vumbi linalometa, usikubali kubadilishiwa nozeli peke yake. Unga uko kwenye pampu, reli, mabomba na tenki, na nozeli mpya zitakufa kwa ugonjwa uleule ndani ya wiki chache. Ukiona safi lakini gari linagonga au linazima, fundi pampu apime marejesho: kila nozeli na chupa yake, injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta kwa dakika moja. Inayorudisha mafuta mengi kupita wenzake kwa wazi ndiyo iliyochakaa. Kama hana benchi ya kupimia, zipelekwe kwa mwenye nayo, hata kama ni Dar es Salaam.

Wapo wanaomimina oili ya pikipiki kwenye tenki ili kurudisha utelezi. Oili ya tu-stroki kwa kiasi cha lita moja kwa 200 inaongeza utelezi kidogo, lakini haiondoi kugonga wala mapovu, na wala haitengenezi mafuta kuwa dizeli. Oili chafu ya injini ni kosa la pili juu ya la kwanza: ina masizi na chuma ndani yake.

Yale mafuta yaliyomwagwa yanatutia hofu kuliko pampu. Dumu la lita 20 la mchanganyiko linanuka kama mafuta ya taa, linafanana na mafuta ya taa, na siku moja mtu atalimimina kwenye koroboi au jiko la utambi. Petroli kidogo tu ndani ya dizeli inalishusha joto la kutoa mvuke unaoshika moto, mpaka mvuke huo unalipuka chumbani. Lisiuzwe, lisigawiwe, lisiachwe kwenye kona ya gereji bila maandishi. Andika "HATARI, PETROLI" kwa rangi, lirudishwe sheli au lipewe wanaokusanya oili chafu kwa ajili ya viwanda, ukiwaeleza ni nini.

Dizeli kwenye gari la petroli ni balaa dogo zaidi: linatoa moshi, linakataa, plagi zinalowa. Mwaga, safisha au badilisha plagi na filta, weka petroli, litawaka likitoa moshi kwa muda.

Gari la dizeli lililopona lipewe filta nyingine baada ya kilomita 1,000, hata kama linakwenda vizuri. Ile inayotoka ikate kwa msumeno, kwanza osha unga wa chuma ulioachwa na msumeno kwa dizeli safi, tandaza karatasi yake juani kwenye kitambaa cheupe na upitishe sumaku mkunjo kwa mkunjo. Ukikuta weusi wa kawaida tu na sumaku ikatoka tupu, rudisha gari kazini na uendelee na ratiba yako ya siku zote ya filta.